Magoti Yanapolegea



Wakati wa Ushirika Mtakatifu baadhi ya wazee wetu hubaki kwenye mabenchi ya nyuma, na wengine hawaji tena kanisani. Si kwamba imani imepoa. Wanaogopa kupiga magoti wakashindwa kuinuka, au kupepesuka ngazini wakadhaniwa wamelewa. Nasi Pasaka iliyopita tulishika ukingo wa benchi, tukajifanya tunatafuta kitabu cha nyimbo.

Tulifundisha watoto miaka mingi habari za mwili, tukasahau somo letu! Mwili husimama kwa mashahidi watatu: macho yaonayo njia, sikio la ndani lenye majimaji yanayosogea kichwa kikigeuka, na miguu iitambuayo ardhi. Shahidi mmoja akidhoofika, wengine humsaidia. Ndiyo maana mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi aweza kwenda vizuri mchana, lakini usiku akienda chooni bila taa akaanguka.

Basi tusiseme upesi kwamba ni uzee tu, au kwamba mtu karogwa, wala tusiusingizie upepo wetu wa Singida. Pengine ni dawa za presha, pengine macho, masikio, au upungufu wa damu. Mtu aende zahanati aeleze yote, wala asiache dawa kwa shauri la jirani. Akiamka, aketi kwanza kitandani kidogo, ndipo asimame.

Tena mwili hufundishika. Mama zetu wanaopita kati ya majabali na ndoo kichwani bila kuishika, hakuna aliyezaliwa akijua. Shika kiti kizito, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi 10, kisha badili mguu. Inuka kitini mara kadhaa pasipo kujisukuma kwa mikono. Fanya hivyo kila siku, na mtu awe karibu. Anayekaa tu kwa hofu ya kuanguka, miguu yake huishiwa nguvu, na hapo huanguka kweli.

Ama fimbo, wengi wetu twaiona aibu. Lakini Yakobo alimwabudu Mungu akiwa ameiegemea yake. Musa naye, vita na Waamaleki vikiendelea, alichoka mikono. Wakamtafutia jiwe akaketi, na Haruni na Huri wakamtegemeza huku na huku. Hatusomi kwamba yeyote alimlaumu kwa kukosa imani. Na Petro, pale mlangoni pa Hekalu, hakuishia kusema. Alimshika kiwete mkono wa kuume akamwinua.

Tumezungumza na wazee wa kanisa. Mabenchi mawili ya mbele yataachwa kwa wasioweza kupiga magoti, na Kasisi atawaletea mkate na divai papo hapo walipoketi. Vijana wawili watasimama ngazini. Anayeona haya na aje aketi karibu nasi. Fimbo yetu tumekwisha kuinunua.