Abiria wa 102

Wako watu duniani ambao swali lao kubwa la mwaka ni hili: twende Alaska kwa meli ya kampuni gani? Usicheke, ndugu msomaji. Ni swali halali na wanalihangaikia kweli kweli. Meli hizo hung'oa nanga Seattle au Vancouver, hupanda kaskazini zikipitia Ketchikan, Juneau na Skagway, husimama mbele ya kuta za barafu ili watu wapige picha, na baada ya siku saba hivi safari imekwisha. Basi mtu anakaa na karatasi zake analinganisha. Hii ni kubwa, ina bwawa la kuogelea na ukumbi wa muziki, lakini haiwezi kujipenyeza kwenye ghuba nyembamba. Ile ni ndogo, inasogea mpaka unawaona nyangumi vizuri, ila bei yake, mama yangu! Chumba chenye dirisha au kisicho na dirisha? Chakula cha kujipakulia au cha kuletewa mezani?

Katika maswali yote hayo, moja halimo. Hakuna anayeuliza: hivi itafika?

Si kwamba watu hao ni mashujaa. Ni kwamba swali hilo walishajibiwa na wengine kabla hawajazaliwa. Titanic ilipozama mwaka 1912 na mashua za kuokolea zisizotosha nusu ya watu wake wakati imejaa, mataifa yalikutana London na mwaka 1914 yakaandika mkataba: kila aliyemo melini awe na nafasi kwenye mashua. Costa Concordia ilipopinduka Italia Januari 2012 na kuua watu 32, sheria ikakazwa tena, kwamba abiria wafanyishwe mazoezi ya kujiokoa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kila mmoja ana jina kwenye orodha. Ndiyo maana mwenzetu ana nafasi ya kuumiza kichwa juu ya dirisha.

Sasa nataka nilichukue swali hilo, meli ipi, nilipeleke Laela.

Laela ni mji mdogo juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Bahari hatuna. Tuna mahindi, maharage, ulezi, na ule upepo wa Juni unaomfanya mtu mzima ajikunyate kama kuku wa mvua. Lakini ukishuka upande wa magharibi, chini kabisa, unakuta Ziwa Tanganyika, maji yenye kina cha karibu mita 1,470. Mtu wa Laela mwenye safari ya Kigoma ana njia mbili: azunguke kwa barabara kupitia Sumbawanga, Namanyere na Mpanda, au ashuke Kasanga akapande chombo. Na kwa miaka mingi, ukisema chombo, watu walielewa Liemba.

Niiseme kidogo Liemba, maana vijana wengi wanaisikia tu. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakavileta kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikaingia majini ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, walipoona wanazidiwa vitani, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito zisiote kutu. Kumbe walidhani watarudi! Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone aliwasikia watu wa kusini wakiliita ziwa lenyewe alipofika mwaka 1867. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokuwa wamebanana ufukweni Kagunga. Mwaka 2018 ikasimamishwa kwa matengenezo.

Historia tamu. Lakini mimi kinachonishughulisha ni ratiba yake. Katika miaka yake ya mwisho kabla ya kusimama, ilikuwa inafika kusini mara moja kila wiki mbili. Fikiria mama ametoka huku juu na magunia matatu ya maharage, amelipa gari mpaka Kasanga, amelala ufukweni, meli imefika, na imejaa. Ya pili itakuja baada ya siku 14. Au zipo boti za mbao zenye mashine, zinaondoka hata leo jioni, nazo zimejaa vilevile. Mwambie huyo mama achague.

Niliwahi kuliweka jambo hili mbele ya washikaji, kijiweni, kando ya barabara pale yanaposhusha malori ya mahindi. Mmoja akanijibu papo hapo: "Acha hizo, bwana. Nani kamshikia bunduki? Tiketi kakata mwenyewe, kwa hela yake. Kaona chombo kimejaa, kapanda. Kikizama, alaumiwe nani?" Wengine wakacheka, wengine wakanyamaza. Mimi nilinyamaza, kwa sababu hoja yake si ya kijinga hata kidogo.

Jibu la haraka lingekuwa kusema kwamba maskini hachagui. Wasomi wetu hulipenda jibu hilo. Mimi silipendi. Ukishasema kwamba yule mama hakuchagua, umemgeuza kuwa gunia la nne. Alichagua. Alipima: maharage yataota ukungu, ada ya mtoto inasubiriwa, nauli ya kurudi Laela hana. Akili yake ilifanya kazi kuliko ya yule mwenye kuchagua dirisha. Kwa hiyo swali si kama alichagua. Swali ni kwamba alichagua nini hasa, na ni kitu gani alichobebeshwa bila kuulizwa.

Mfano mzuri, kama mfano wa namna hii unaweza kuitwa mzuri, ni MV Bukoba. Asubuhi ya Mei 21, 1996, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika. Watu wazima wa Mwanza bado wanaweza kukuonyesha makaburi ya Igoma. Chombo kile kilikuwa cha kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwapo, yenye majina zaidi ya 400. Ya daraja la tatu haikuwapo. Rudia hapo, msomaji. Daraja la tatu, ambako ndiko wewe na mimi tungekaa, watu hawakuandikwa. Waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 800, lakini huwezi kutoa hesabu kamili ya waliopotea kama hukuwahi kuhesabu waliopanda.

Sasa turudi kwa mshikaji wa kijiweni. Anasema abiria aliona chombo kimejaa. Aliona nini? Aliona umati. Umati sisi tumeuzoea, tumezaliwa ndani yake: kwenye daladala, kwenye foleni ya hospitali, kwenye dawati la watu watano darasani. Macho hayawezi kukuambia tofauti ya watu 430 na watu 900 ukiwa umesimama katikati yao unatafuta pa kuweka kikapu. Idadi haionekani kwa macho, idadi inapatikana kwa kuhesabu. Na wa kuhesabu yupo, ana dirisha lake, kalamu na kitabu cha tiketi. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kujua. Akiacha kuhesabu, hajasahau, ameamua. Ameamua kutojua, kwa sababu akijua itambidi afunge dirisha. Abiria amekubali safari ya hatari, sawa, tuseme hivyo. Lakini hakuna anayeweza kukubali kiasi cha hatari ambacho mwingine amekificha, tena amekificha hata kwa nafsi yake.

Hapo nilidhani nimeshinda. Halafu nikakumbuka kivuko cha MV Nyerere.

Kile kilikuwa kikivusha watu kati ya Bugolora na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kilitakiwa kubeba abiria 101. Septemba 20, 2018, watu wakirudi kutoka gulioni, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Walikufa watu 228. Yaani waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaoruhusiwa kupanda.

Mimi namfikiria abiria mmoja tu, wa 102. Simjui, na wala hakujijua kwamba ni wa 102. Alipoweka mguu ndani, hakuhatarisha maisha yake tu. Aliongeza uzito juu ya maisha ya wale 101 waliotangulia. Wa 103 naye vivyo hivyo, akamwongezea na wa 102. Kila mmoja uzito wake mdogo, kilo 60, kilo 70 na mfuko wa sukari. Hakuna hata mmoja aliyezamisha kivuko. Wote kwa pamoja walikuwa wazito kukizidi. Hapa hoja yangu ya dirisha la tiketi haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kusema: nilijua kimejaa, idadi sikuijua, lakini nilijua kwamba mimi ni wa ziada. Je, ana haki ya kujihatarisha? Yake, ndiyo. Ya mtoto wa mwenzake aliyekaa karibu na mashine? Hapana. Sioni namna ya kulikwepa hilo, na nisingependa uandishi unaolikwepa kwa kumwonea huruma maskini.

Wapo waliokataa. Spice Islander ilipokuwa ikijiandaa kutoka Unguja kwenda Pemba, safari iliyoishia majini Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, taarifa za siku zile zilisema kuna watu walioona ilivyojaa wakakataa kupanda. Sikumbuki hata gazeti moja lililowafanya mashujaa. Walirudi zao nyumbani. Wapo walioitwa waoga, nina hakika, mpaka kesho yake asubuhi.

Tuna misemo miwili inayotufanya tusifikiri. Wa kwanza unaandikwa ndani ya mabasi: "Abiria chunga mzigo wako." Sina ugomvi nao kuhusu mizigo. Lakini umepanuka, umekuwa falsafa ya taifa zima ya usafiri: abiria chunga mzigo wako, chunga roho yako, chunga breki, chunga dereva. Wa pili unakuja baada ya mazishi: "Ajali haina kinga." Nani kasema? Mkataba ule wa 1914 ni kinga. Kitabu cha majina ni kinga. Daftari la shilingi mia tano na kalamu ni kinga. Ajali isiyo na kinga ipo, radi kwa mfano, lakini watu zaidi ya mia mbili ndani ya chombo cha watu 101 si radi.

Na ili usidhani kwamba mambo ya Alaska ni ya sayari nyingine, nikwambie hili. Ilikuwapo boti iliyojengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha watu katika maji yaliyokingwa ya Seattle, maji yale yale ambako meli za kwenda Alaska zinang'oa nanga. Wenyewe walipoichoka, iliuzwa, na mwaka 2011 ikaletwa kwetu. Jina lake MV Skagit. Julai 18, 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, siku ya upepo mkali, ilizama karibu na Chumbe. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mtalii mmoja wa Alaska aliwahi kukaa katika kiti ambacho baadaye alikalia mtu wa Michenzani. Kiti kilekile. Maji yakawa mengine, na upepo ukawa mwingine.

Wewe unayesoma gazeti hili unataka kuwa mwandishi, la sivyo usingefika aya hii. Basi angalia jinsi tunavyoandika. Kila chombo kinapozama, habari husema "abiria walikuwa wamejazana". Wamejazana! Kitenzi chenye -ana, kama kupendana na kupigana, maana yake walitendeana wenyewe kwa wenyewe. Hebu andika "walijazwa", uone sentensi inavyokuuliza mara moja: na nani? Mhariri atapata taabu, kwa sababu sasa panahitajika jina. Lakini usiishie hapo ukajiona umemaliza kazi, maana kweli wapo waliojazana, yule wa 102 na wa 103. Sentensi inayowachukua wote wawili, aliyejaza na aliyejazana, bila kumsamehe mmoja kwa kumsukumia mwingine, mimi bado naitafuta.

Kwa yule mama wa magunia matatu, mimi ningemwambia ashuke. Ndiyo, ashuke. Lakini akishuka ana siku 14 Kasanga, bila ndugu, maharage yakiwa nje na mtoto mgongoni. Sijaona bado tiketi ya chombo chochote iliyoandikwa nyuma yake ni nani atakayempa pa kulala aliyeshuka ili wengine wafike.