Nyumba Inayohama: Kumbukumbu ya Makao ya Utotoni katika Nyika ya Griftu

Miongoni mwa maswali yanayohusu nafsi ya mwanadamu, lipo swali la kile hasa anachokikumbuka mtu anapoyakumbuka makao ya utotoni mwake. Gaston Bachelard, mwanafalsafa wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1957, alishikilia kwamba nyumba ya utotoni, pamoja na chumba chake cha darini na ghala lake la chini ya ardhi, ndiyo inayozitunza kumbukumbu za mtu. Hoja hiyo inamfaa yule ambaye nyumba yake haiondoki mahali. Lakini katika nyika ya Griftu, magharibi ya mji wa Wajir, ambako wafugaji wa Kisomali wamelea watoto wao kizazi baada ya kizazi ndani ya nyumba inayohama pamoja na mifugo, inabidi swali hilo litafutiwe jibu jingine.

Nyumba hiyo ni aqal, ambayo pia huitwa herio, yaani kibanda cha duara kinachojengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na kufungwa kamba, kisha kikafunikwa kwa mikeka waliyoisuka wenyewe. Malisho yanapokwisha, mama huifungua mikeka, huzifunga fito juu ya ngamia wa mizigo, na watoto wadogo hupakiwa humo humo pamoja na vyombo. Wakishatua mahali pengine kabisa, mikeka ile ile hurudishwa juu ya fito zile zile, na dhiil, yaani chombo cha maziwa, hufukizwa moshi hadi maziwa yapate ladha ambayo aliyekulia nayo haisahau. Mtoto aliyelelewa hivyo hana kona ya kurudia. Alichonacho ni mpangilio wa matendo, kama vile kumtangulizia mgeni maziwa, kuchunga mbuzi, na kusoma duksi, yaani chuo cha Kurani, ambako aya huandikwa kwenye ubao kwa wino wa makaa.

Je, yafaa moyo wa muumini uyatamani makao ya namna hiyo? Anayekataa aweza kutegemea hadithi iliyopokewa na Ibn Umar, inayomtaka mtu aishi duniani kama mgeni au mpita njia, na akataja zuhudi, yaani kutoufungamanisha moyo na vitu vya dunia. Hata hivyo, Sura ya An-Nahl, aya ya 80, inazihesabu nyumba za ngozi za wanyama, zilizo nyepesi siku ya kuhama na siku ya kutua, kuwa neema za Mwenyezi Mungu, na neema haishukuriwi na aliyeisahau. Zuhudi, basi, haimtaki mtu asahau. Inamtaka asidai kumiliki daima alichopewa kwa muda, na somo hilo mtoto wa mfugaji hulipata kila nyumba inapofunguliwa.

Lakini hukumu hiyo inahusu nyumba iliyofunguliwa na wenyewe. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022, familia nyingi za kaskazini mwa Kenya zilipoteza mifugo na kutua pembezoni mwa miji. Kabla ya hapo, Februari 1984, katika operesheni ya vyombo vya usalama dhidi ya ukoo wa Degodia, iliyoishia kwa mauaji ya kiwanja cha ndege cha Wagalla, watu walichomewa nyumba zao, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaiandika dhuluma hiyo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kumwambia aliyechomewa nyumba kwamba dunia ni mapito ni kuitumia kweli kumnyamazisha aliyedhulumiwa, ilhali Sura ya Al-Baqara inakataza kuficha ushahidi na inauhesabu moyo wa anayeuficha kuwa umeingia dhambini.

Kwa hiyo kumbukumbu ya makao ya utotoni ni amana, na namna ya kuitekeleza hutegemea jinsi makao yalivyoondoka. Yaliyohamishwa kwa hiari hudai shukrani. Yaliyokomeshwa na ukame hudai kwamba matendo yake yaendelezwe hata chini ya paa la mabati. Na yaliyoteketezwa kwa mikono ya watu hudai kusemwa waziwazi, mbele ya watoto na mbele ya dola, mpaka haki ipatikane.