Askari na Mtoto Mgonjwa: Ni Hisani au ni Wajibu?

Baina ya tarehe 27 Machi 2020 na 20 Oktoba 2021, nchi yetu ya Kenya ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku kwa ajili ya maradhi ya korona. Katika masiku yale wazazi wengi walikuwa na hofu moja: mtoto akishikwa na degedege saa saba za usiku, nikatoka naye mbio, kisha nikasimamishwa na askari, itakuwaje? Amri ile imekwisha, lakini swali halikwisha, kwani vizuizi vya barabarani vingalipo, na maradhi hayachagui saa.

Je, askari amsaidiapo mtoto yule hufanya hisani, ambayo akiiacha hana lawama? Au hutimiza wajibu, ambao akiuacha ana dhambi? Wako wasemao: "Kazi ya askari ni kukamata wezi, yeye si daktari." Kauli hii ni makosa, kwa sheria ya nchi na kwa Sheria ya Mwenyezi Mungu.

Ama sheria ya nchi, ile sheria ya polisi ya mwaka 2011, katika kifungu cha 24, inapohesabu kazi za Polisi wa Kenya imeanza kwa kuwasaidia raia wanapokuwa na haja. Mengine yote yamefuata nyuma. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Ama Sheria yetu, wanavyuoni wamesema: mtu akiwa ndani ya Swala, akamwona mwenziwe anazama naye aweza kumwokoa, yampasa aikate Swala akamwokoe. Tazama, ndugu yangu! Ikiwa Swala, iliyo nguzo ya dini, hukatwa kwa ajili ya roho ya mja, je, kukagua leseni na taa za gari hakuwezi kungoja? Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliwatoza diya watu walioombwa maji na mwenye kiu wakamnyima, hata akafa. Hawakumpiga wala hawakumjeruhi; walimnyima tu.

Na jambo la askari ni zito zaidi. Mpita njia asiyesaidia ameacha. Lakini askari aliyeinua mkono akalisimamisha gari, huyo amezuia. Tangu dakika ile mtoto yumo katika dhamana yake.

Huenda askari akasema: "Nitajuaje kuwa si hila? Wako wanaosingizia ugonjwa ili wapite." Neno hili lina haki yake. Lakini shaka dawa yake ni nyepesi: na apande garini, afuatane nao mpaka hospitali. Wakiwa waongo, atawakamata huko huko. Wakiwa wakweli, roho imeokoka. Mwongo aliyepita aweza kushikwa kesho, ama roho iliyotoka hairudi.

Lakini tusiwanyooshee kidole askari peke yao. Ni nani aliyewazoeza kuwa njia hufunguliwa kwa noti? Ni sisi. Tukikosa leseni hutoa hongo, tukapita tukicheka. Kisha siku ya shida hustaajabu kuona njia ina bei. Mzazi aliyebanwa, roho ya mwanawe i mikononi, akalazimika kutoa, dhambi ni ya mpokeaji. Ama sisi tutoao siku za afya ili kuficha makosa yetu, sisi ndio tuliomwekea mzazi yule kizuizi.

Basi yatupasa mawili. Tusiinunue njia siku ya raha. Na siku ya dhiki tudai msaada kwa adabu, tukijua kuwa twadai haki wala hatuombi sadaka. Na atakayezuiwa na ashike nambari ya askari, apeleke mashtaka kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, kwani kunyamaza kwake leo ni msiba wa mtoto wa jirani kesho.

Na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye tawfiki.