Mwenye Kinu Aliyehesabu Gharama

Wazee wetu walinena: Mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo ni la biashara, na kila mwenye duka au mashine ya kusaga alijua maana yake. Lakini Bwana wetu Yesu Kristu alitumia mfano wa namna hiyo alipofundisha juu ya wokovu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, atuonya kwamba mtu atakaye kujenga mnara yampasa kwanza aketi ahesabu gharama, asije akashindwa njiani na kuchekwa. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyefanya hesabu hiyo kwa mali yake mwenyewe. Hakuwa Mkatoliki; kwa nini tumemchagua yeye, mtaona mbele.

Jina lake Alexander Mack. Alizaliwa mwaka 1679 huko Schriesheim, mji mdogo wa mashamba ya mizabibu karibu na Heidelberg, katika Ujerumani. Baba yake alikuwa na kinu cha kusagia nafaka, kilichozungushwa na nguvu ya maji. Siku zile kinu kilikuwa mali ya maana sana. Mkulima aliweza kulima na kuvuna, lakini mkate haukupatikana mpaka ngano ipite katika mawe ya kinu. Kwa hiyo mwenye kinu alijulikana na wote, aliheshimiwa na wengi, na ghala lake halikukaa tupu.

Kijana huyo hakukulia katika raha tupu. Nchi yake ilikanyagwa na majeshi ya Ufaransa, na mji wa Heidelberg ulichomwa moto mwaka 1689, na tena mwaka 1693. Alijua tangu utoto wake kwamba nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi yaweza kuwa majivu kwa usiku mmoja. Hata hivyo alirithi sehemu ya kinu cha baba yake, na mwaka 1701 akamwoa Anna Margarethe Kling. Machoni pa watu, hakubakiwa na neno ila kula urithi wake kwa amani.

Lakini moyo wake haukutulia. Aliona watu wakienda kanisani Dominika na kurudi nyumbani vilevile walivyokwenda. Akaanza kukutana na wenzake kusoma Maandiko na kusali. Jambo hilo kwetu leo ni la kawaida, tena la kusifiwa. Kwao lilikuwa kosa. Mapatano ya Westphalia ya mwaka 1648 yalikubali madhehebu matatu tu katika Ujerumani: Wakatoliki, Walutheri na Wareformati. Aliyejitenga na hayo matatu alihesabiwa mvunja sheria. Na kwa wale waliombatiza tena mtu mzima, sheria ya tangu mwaka 1529 ilitaja adhabu ya kifo.

Hapo ndipo mwenye kinu alipoketi na kuhesabu. Mwaka 1706 wakuu wa serikali walipata habari za mikutano yake. Angeweza kunyamaza akaendelea kusaga. Badala yake aliacha kinu na mji wa wazazi wake, akahamia Schwarzenau, mahali ambapo mtawala aliwavumilia waliokimbia kwa ajili ya dini.

Huko, mwaka 1708, watu wanane, wanaume watano na wanawake watatu, walishuka katika mto Eder, nao wakabatizwa kwa kuzamishwa mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kabla ya hapo walipiga kura kumpata mmoja wa kumbatiza Mack, naye aliyebatizwa awabatize wengine. Wakaahidiana kwamba jina la yule wa kwanza lisitajwe kamwe, ili watu wasije wakaliita kundi lao kwa jina lake. Wakaishika ahadi, na hata leo jina hilo halijulikani. Tangu siku ile Mack akawa mchungaji wao.

Na mali yake? Kumbukumbu za ndugu zake zasema kwamba iliyeyuka katika kuwasaidia maskini wa kundi na kuwalipia faini wale walioshikwa. Mwaka 1720 mkewe alifariki. Mwaka huo huo akawaongoza watu wake kuhamia Friesland, katika Uholanzi, na mwaka 1729 akavuka bahari pamoja nao mpaka Pennsylvania, Marekani. Alikaa Germantown, akafa mwaka 1735 akiwa mtu wa kawaida. Aliwaachia watoto wake imani yake, wala si kinu. Mwanawe, aliyeitwa Alexander kama yeye, alikuwa mfumaji, naye alihudumu kanisani mpaka uzee.

Sasa twasema neno lililo zito. Mtawala wa nchi ya Mack mwaka 1706 alikuwa Mkatoliki. Sisi twaungama ubatizo mmoja, nasi twawabatiza watoto wachanga kama Kanisa lilivyopokea. Katika hilo hatuwezi kwenda pamoja na Mack. Lakini kutokubaliana na mtu ni jambo moja, na kumfukuza nyumbani kwake ni jambo lingine. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha waziwazi mwaka 1965 kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini kutenda kinyume cha dhamiri yake. Na mwaka mmoja kabla yake, 1964, ulitutaka tuyatambue kwa furaha mema ya Kikristu yaliyomo kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Ndiyo sababu twamtaja mwenye kinu huyu bila haya.

Nasi tujiulize. Vijijini mwetu wamo Wakristu wenye mashine za kusaga, maduka, mashamba na magari. Hatusemi wayaache, kinu cha Mack hakikuwa dhambi. Twauliza kitu kimoja tu: je, kuna bei ambayo kwayo tungeiuza dhamiri yetu? Kijana akiambiwa hatapata kazi bila hongo, baba yake amshauri nini? Mwenye mashine akimpunguzia mjane unga debe kwa debe, na Dominika akakaa benchi la mbele, hesabu yake itatoka vipi siku ya mwisho? Na jirani wa dhehebu lingine akipatwa na msiba, twamwendea upesi, au twatazama kwanza amebatizwa wapi?

Wazazi, watoto hujifunza hesabu hiyo nyumbani kabla ya kuisikia kanisani. Wakiona kwamba kila siku faida yashinda haki, watakariri Katekisimu yote wala haitawafaa. Wakiona baba amekubali hasara shilingi moja kwa ajili ya kweli, somo hilo halitawatoka.

Mawe ya kinu huzunguka yakasaga ngano ya tajiri na ya maskini bila kubagua. Ndivyo kifo kitakavyotusaga sote. Heri yule aliyekwisha kutoa kwa hiari yake kile ambacho angenyang'anywa kwa lazima. Mungu Mwenyezi atujalie kuhesabu mapema, na kulipa bila kunung'unika.