Ushahidi wa Mpita Njia

Je, mtu aliyekaa mjini kwa siku moja ana haki ya kuusimulia mji huo? Wengi watajibu upesi kwamba hana, kisha jioni ileile wakaketi barazani kusikiliza khabari za aliyerudi jana.

Na uchukuliwe mfano wa bwana na bibi wa Mwandiga, mji mdogo ulio nje kidogo ya Kigoma, penye njia ya Manyovu. Wako safarini kwenda kumtazama mtoto wao ng'ambo, na ndege inawashusha Dubai asubuhi kuwachukua tena usiku. Wanavuka khori kwa mashua ya abiria, kutoka Bur Dubai hadi Deira, wanayaona majahazi yaliyofungwa gatini na shehena zake za majokofu na magurudumu. Wanasimama chini ya Burj Khalifa, mnara wa mita 828 uliofunguliwa Januari 2010, mpaka shingo zinauma. Ndani ya duka kubwa la jirani wanawakuta samaki wakiogelea nyuma ya kioo. Na bibi, aliyekulia Kibirizi akianika dagaa, anacheka kuona watu wakitoa fedha kumtazama samaki asiyeliwa. Usiku wanaondoka. Wakirudi nyumbani, majirani wanakusanyika, na picha zinapita mkono kwa mkono.

Hakuna uongo katika picha hizo. Wala ufupi wa safari si kosa. Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, akielekea Kilwa. Maneno aliyoyaandika juu ya usiku ule ni machache: migomba na malimau, nafaka iletwayo kutoka bara kwa kuwa kisiwani hailimwi, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, visima vifupi milangoni mwake, na watu wanaotembea pekupeku wakiosha miguu kabla ya kuingia kusali. Karibu miaka mia saba baadaye, waandishi wa historia ya pwani bado wanayarejea maneno hayo. Mwenyewe alitaja kwamba alilala usiku mmoja, na aliyoyasimulia ni ya kadiri ya usiku huo.

Kinyume chake ni Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858. Speke alikuwa ameugua macho hata ziwa aliloliendea miezi mingi likawa kwake mwanga na ukungu tu. Burton aliliona, akakaa upande huo wa ziwa hadi Mei, akachapisha kitabu kinene mwaka 1860. Na kitabu hicho, pamoja na elimu yake yote, kimejaa dharau kwa wenyeji waliomlisha na kumvusha maji. Miezi mitatu haikumfunza alichokipata mwenziwe Mmorocco kwa usiku mmoja. Basi uzito wa ushahidi haupimwi kwa siku.

Unapimwa kwa nini? Hapa ndipo mfano wa Mwandiga unapokuwa mzito. Tuseme pale uwanjani, usiku wa kuondoka, bibi aliwaona mabinti wanane au tisa wameketi kwa mstari, kila mmoja ameshika bahasha, wakisemezana kwa Kiswahili cha chini chini, wakimngoja mtu wa kuwapokea. Hakuwapiga picha, ingekuwa utovu wa adabu. Lakini pia hakuwasimulia. Mazungumzo yalikuwa matamu, majirani wanacheka khabari ya samaki, na bahasha zile zingeyaharibu. Miongoni mwa wasikilizaji yupo binti wa jirani, aliyemaliza shule na hana kazi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu: walionyang'anywa pasipoti, waliofanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, walionyimwa mishahara. Si wote yaliyowapata hayo. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Ila binti yule hajapewa la hawa wala la wale. Amepewa mnara. Wahenga walikataza kusafiria nyota ya mwenzio, nao hawakusema lolote juu ya yule anayeionyesha nyota hiyo kwa kidole.

Ajabu ni kwamba watu wa Kigoma wanaijua dhuluma hii kutoka upande wa pili. Mgeni hufika Ujiji kwa saa moja, husimama kwenye kumbukumbu ya mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, hupiga picha chini ya miembe, huyo akaenda zake. Mji mzima umefanywa baraza la salamu za Wazungu wawili. Ulipokuwa mwembe wa zamani huulizwa na kila mtu. Njia iliyopita hapo kwenda Bagamoyo, na waliofungwa minyororo wakaipita kwa miguu, ni wachache wanaoiuliza. Bibi wa Mwandiga akisikia wageni wakiusimulia Ujiji namna hiyo, hukasirika, na ana haki.