Je, Karibu na Kweli Ni Kweli?

Katika lugha yetu yako maneno mengi tuyatumiayo kila siku tukitaka kusema kwamba jambo halikuzidi wala halikupungua. Twasema sawasawa, twasema barabara, kamili, halisi, hasa, na sahihi. Mtu asiyeangalia hudhani kwamba yote ni neno moja, na kwamba lo lote lijalo kwanza ulimini lafaa. Leo twataka kuyatazama kidogo, kisha tuulize swali litupasalo sisi Wakristo: Mtu akitumia neno la namna hii pasipo kupima, je, amekosa katika usemi tu, au ametenda dhambi?

Kila neno lina kazi yake. Sawasawa ni neno la vitu viwili: seremala huweka ubao juu ya ubao, na mmoja ukilingana na mwenziwe, asema ni sawasawa. Mlango ukiingia katika miimo yake pasipo kulegea wala kukwama, twasema umeingia barabara. Kamili ni neno la hesabu na kipimo: shilingi kumi kamili, saa tatu kamili. Halisi ni neno la asili ya kitu: asali halisi ni ile isiyotiwa maji. Basi kitu chaweza kuwa halisi kisiwe kamili, tena chaweza kuwa kamili kisiwe halisi. Chupa iliyojaa asali yenye maji ni kamili kwa kipimo, walakini si halisi. Na mwuzaji aulizwaye, “Ni halisi?” akajibu, “Ni kamili,” kinywa chake hakikusema uongo, lakini yeye mwenyewe amedanganya. Dk. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba, alihesabu biashara ya hila pamoja na wizi.

Hasa ni neno la kumtenga mtu mmoja na watu wengine wote: “Ndiye hasa.” Na sahihi ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo huko lina maana ya uzima pia, yaani kutokuwa na ugonjwa wala kasoro. Nasi twaliita sahihi hata lile jina mtu aandikalo kwa mkono wake chini ya barua. Atiaye sahihi yake ni kama asemaye, Maneno haya ni mazima, nami nasimama nyuma yake.

Pamoja na hayo lugha imetupa maneno ya namna nyingine: yapata, kadiri ya, kama, huenda, labda. Wako watu wayadharauo, wakisema ni maneno ya mtu asiye na hakika. Ndivyo yalivyo, na hiyo ndiyo heshima yake. Asiye na hakika akisema hana hakika, amesema kweli tupu.

Tazameni Maandiko Matakatifu. Luka, ambaye mwanzoni mwa Injili yake asema kwamba alichunguza mambo yote kwa uangalifu, hakuona haya kuandika kwamba Bwana Yesu alipoanza kazi yake umri wake ulikuwa kadiri ya miaka 30. Wale waliolishwa mikate nyikani waandikwa kwamba walikuwa wanaume yapata 5,000, mbali na wanawake na watoto. Lakini samaki waliovuliwa ziwani baada ya Bwana kufufuka, Yohana aandika walikuwa 153, wala hasemi yapata. Makutano yale yalikadiriwa, bali samaki walikuwa nchi kavu, wakahesabika mmoja mmoja. Kila jambo lilisemwa kwa kadiri lilivyojulikana.

Zamani tulipata kuketi barazani, wazee walipokuwa wakiamua shauri la mbuzi aliyeibiwa. Shahidi akaulizwa, “Ulimwona nani?” Akamtaja mtu, akasema, “Ndiye hasa.” Wazee walikuwa karibu kukata shauri, ndipo mmoja wao akauliza, “Mwanangu, uso wake uliuona?” Yule akanyamaza, kisha akajibu, “Hapana, baba. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Niliiona kanzu yake.” Na kanzu nyeupe katika mji ule zilikuwa nyingi! Shahidi huyu hakuwa na chuki, aliona haya tu kusema, “Nadhani.” Lakini kwa neno moja la hasa mwenziwe angalilipa mbuzi, na kuchukua jina la mwizi hata kufa kwake. Kama mtu yule aliiba au hakuiba, hatujui hata leo. Hata kama aliiba, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo, maana shahidi alisema amejua, naye hakujua. Amri ya nane yatukataza jambo hili.

Labda mtu atasema, “Mungu hutazama moyo, hatazami hesabu.” Ni kweli kwamba Mafarisayo walipima zaka ya mnanaa na bizari kwa uangalifu mwingi, wakaacha adili na rehema, naye Bwana akawakemea. Walakini hakuwakemea kwa sababu walipima, bali kwa sababu waliyaacha yaliyo makubwa zaidi. Na mara nyingi neno hilo la moyo ni blanketi la uvivu. Twasema hivi kwa sababu limetupata sisi wenyewe.

Mwaka mmoja, tulipoandika taarifa ya usharika wetu, tuliandika kwamba washiriki wa Meza ya Bwana ni mia mbili kamili. Hatukuhesabu. Mwaka uliotangulia walikuwa karibu na hapo, nayo mia mbili ilipendeza machoni. Baadaye mzee mmoja wa kanisa akachukua kitabu, akasoma majina nyumba kwa nyumba. Ikaonekana kwamba mama mmoja mjane, akaaye mbali ng'ambo ya mto, alikuwa hakuonekana kanisani tangu masika. Alikuwa mgonjwa, wala hapakuwa na mtu aliyekwenda kumtazama. Katika kitabu chetu yumo. Katika mia mbili yetu yumo. Kitini pake hayumo, nasi hatukujua.

Hapo ndipo tulipoufahamu vizuri mfano wa yule mchungaji mwenye kondoo 100. Kama angalisema jioni, “Wapo kama mia,” asingalisema uongo, na yule mmoja angalipotea. Alijua kwamba ni 99 kwa sababu alihesabu, na alihesabu kwa sababu aliwapenda.

Basi jibu letu ni hili. Jambo tusilolijua, tuseme yapata, wala tusione haya. Jambo tusilolipima, tusilitie kamili, hata kama kwa bahati litatokea kuwa hivyo. Lakini kwa wale tuliokabidhiwa, yaani watoto wa shule, wagonjwa, na majina yaliyo katika kitabu cha usharika, neno yapata halitoshi. Ninyi walimu na wazee, fungueni vitabu vyenu mwezi huu, mkaulize kwa kila jina: Huyu yuko wapi hasa?