Stenti ya Miezi Mitatu

Daktari alituchorea kwenye karatasi: ini, kongosho, na katikati kijia cha nyongo kilichobanwa na saratani. Ndiyo maana macho ya Sokoro yalikuwa manjano, mkojo mweusi kama strungi, na usiku alijikuna hadi damu. Kupona hakukuwepo tena. Kilichobaki ni kupitisha kamera mdomoni hadi kwenye utumbo na kuweka stenti, kijibomba cha kufungulia nyongo njia. Kuna ya plastiki na ya chuma. Mchague.

Tukarudi Gesima na karatasi yetu. Jioni familia ikajaa sebuleni, Sokoro akiwa amelala chumba cha pili. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikageuka mtaalamu, kisa nina bando. Nikawasomea: ya plastiki, ambayo Nib Soehendra wa Hamburg aliieleza mwaka 1980, ina upana wa milimita 3 hivi na mara nyingi huziba baada ya miezi mitatu au minne. Ya chuma hufunguka hadi milimita 10 na hudumu zaidi, lakini bei yake ni mara kadhaa.

Baba mdogo akauliza tulichoogopa wote: "Kwani amebakisha miezi mingapi?"

Swali hilo si ukatili. Kwa miaka mingi hata madaktari wamepima hivyo: siku zikiwa chache, plastiki yatosha. Ila ukweli ni kwamba ukinunua plastiki kwa hesabu hiyo, umeshasema atakufa kabla haijaziba. Na ukinunua chuma, labda umemnunulia yeye muda, labda umejinunulia wewe usingizi, majirani wasiseme.

Halafu hesabu yetu ilikuwa na shimo. Mwongozo wa wataalamu wa endoskopi wa Ulaya wa 2018 unapendekeza chuma kwa wagonjwa kama yeye. Plastiki ikiziba, lazima urudi ibadilishwe. Kwa mtu anayeishi karibu na hospitali kubwa, hiyo ni teksi tu. Kwetu ni gari la kukodi, usiku, mgonjwa anatetemeka kwa homa, na nyongo iliyoziba ikiingia maambukizi huua haraka. Bei nafuu ni deni, na mdaiwa ni mgonjwa.

Nilidhani nimeshinda. Lakini chuma ilimaanisha kuuza mtamba, na mtamba ulikuwa karo ya binamu yangu anayeingia sekondari. Mimi najua karo ikikatika mtu huishia wapi.

Magokoro, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mwenyewe mmemuuliza?"

Hatukuwa tumemuuliza. Tulikuwa tunagawa siku zake na ng'ombe wake, naye yuko nyuma ya ukuta.

Tulimweleza yote, pamoja na homa na safari ya kurudi. Akasikiliza. "Mtamba ni wa karo," akasema. "Niwekeeni ya plastiki. Kuwashwa kuishe, nilale."

Akalala kweli, wiki baada ya wiki. Ya kumi na moja ikaja homa. Tulikodi gari. Hakurudi.

Binamu yuko shuleni. Mimi bado naamini chuma ndiyo iliyokuwa bora. Pia naamini hatukuwa na haki ya kumchagulia. Nimejaribu kuifanya moja iishinde nyingine, nimeshindwa.